Simu Iliyozama Joshoni

Mtaa wa Makanyagio, mjini Mpanda, ulifurika watu asubuhi ile, na kila bodaboda ilipiga honi kana kwamba barabara ni ya mjomba wake. Machibya alisimama mbele ya kibanda cha fundi simu akiwa na kofia ya pama, shati jeupe lililokakamaa kwa pasi, na mkononi simu inayonuka dawa ya kupe.

"Imefanyaje?" Specioza aliuliza bila kuinua kichwa. Alivaa dera la zambarau, na bisibisi ameichomeka kwenye nywele.

"Imezama joshoni. Nilikuwa napiga picha ndama."

"Simu kubwa hivi unaipeleka kuogeshea ng'ombe?" Aliifungua, akainusa, akaisukuma pembeni kama panya aliyekufa. "Hii ni marehemu. Ulifanya bakapu?"

"Ndiyo nini hiyo?"

Specioza akainua kichwa. Watu wa aina hii aliwadharau kwa moyo wake wote, na Mpanda ilikuwa nao wa kutosha. Bahati mbaya huyu alikuwa na tabasamu zuri lisilojua kwamba linadharauliwa.

"Fundi, mle ndani kuna video ya marehemu baba anaita ng'ombe," Machibya alisema, na tabasamu likamtoka. "Alifariki mwezi wa pili. Sauti yake sina pengine popote."

"Kama akaunti ilikuwa inahifadhi picha yenyewe, zitarudi kwenye simu mpya. Nani alikufungulia akaunti?"

"Deusdedit wa Shanwe, aliyeniuzia simu. Kila kitu kaandika kwenye boksi."

"Hata nywila?"

"Si ndiye aliyeifungua?"

Jamani! Mtu anajenga nyumba, halafu funguo anamwachia mwashi. Specioza alicheka kwa dharau, akamwambia alete boksi.

Boksi lilichukua wiki tatu kufika. Kila alipokuja Machibya alilisahau, na kila alipolisahau ilibidi arudi kesho yake. Katikati alipiga kwa simu ndogo ya kitochi aliyoazima kwa dada yake.

"Haloo, fundi wangu. Umekula?"

"Nimekula hasira. Boksi liko wapi?"

"Nimelisahau tena, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Ng'ombe mia, akili ya kuku!"

"Kesho nakuletea maziwa mgando."

"Lete boksi, Bwana Josho!" Lakini alikuwa anacheka, na kesho yake alivaa hereni. Kufika wiki ya tatu walikuwa wanapendana, na Makanyagio nzima ilijua.

Siku boksi lilipofika, Machibya aliliacha mezani akakimbilia mnadani kuuza dume apate simu mpya. Specioza akaifungua akaunti kwenye kompyuta yake. Picha ya kwanza: mwanamke wa kitenge cha njano, keki mkononi. Ya pili: huyohuyo, na juu yake maandishi, "Kwako mume wangu kipenzi." Hakuangalia ya tatu. Alipiga simu.

"Njoo uchukue mzoga wako! Nani huyu wa kitenge cha njano?"

"Njano gani, Spe?"

"Anayekuita mume!"

"Haki ya Mungu, simjui."

"Yumo kwenye akaunti yako na humjui? Kaingia na kupe? Wewe ni takataka, Machibya!"

Alikuja, vumbi la mnada likiwa bado kwenye viatu. "Nitukane unavyotaka," alisema. "Video ya baba tu, nitolee."

"Mwambie mkeo akutolee."

Machibya akachukua simu yake mbovu akaondoka. Deusdedit alipoulizwa alisema nywila iko kwenye boksi, asome huko. Boksi lilikuwa limebaki juu ya rafu ya Specioza, na Machibya hakuwa mtu wa kubembeleza mlangoni alikofukuzwa. Aliumia kimya kwao, njia ya Mishamo. Specioza naye aliumia, ila yeye alijisifu kwamba hana habari.

Ulipita mwezi na ushee. Asubuhi moja akaingia mwanamke yule wa kitenge cha njano, simu yake imepasuka kioo chote.

"Naitwa Hana," alisema. "Dada, nataka picha zangu zihamie kwenye simu mpya. Akaunti alinifungulia Deusdedit, hii hapa kwenye boksi."

Specioza alitazama boksi. Akashusha la Machibya rafuni, akayaweka pamoja. Mwandiko mmoja, anwani moja, nywila moja. Papo hapo akampigia Deusdedit.

"Wateja wangapi umewaweka kwenye akaunti moja?"

"Wote, dada. Kila mtu akiwa na yake, nywila nitazikumbuka vipi?"

"Ikijaa?"

"Nafuta za zamani. Za ng'ombe hasa. Nani anataka ng'ombe?"

Mjinga yule hakuona hata aibu. Lakini Specioza, fundi wa miaka sita, alikuwa ameshindwa kutazama picha ya tatu aone za wateja wengine, na dharau yote aliyowagawia wateja ikamrudia mwenyewe. Aliwahi kwenye pipa la akaunti, ambamo vilivyofutwa hukaa siku sitini kabla ya kupotea kabisa. Video ilikuwemo. Zilibaki siku mbili.

Aliirejesha, akainakili kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye simu yake. Ndipo akapiga.

"Unataka nini?" Machibya alijibu. "Si mimi takataka?"

"Takataka ni mimi. Huyo mwanamke ni mteja mwenzako tu. Nisamehe, Machibya. Baba yako yupo hapa. Njoo."

Alifika kabla ya adhuhuri, bila kofia. Kwenye kioo mzee mwembamba mwenye fimbo begani aliita, "Mbula! Mbulaaa!" na ng'ombe mwekundu akaacha majani akamfuata. Machibya alilia waziwazi, mbele ya foleni ya wateja. Specioza alimshika mkono, hakujali nani anaangalia.

Kisha akachukua simu mpya ya Machibya, akaanza kumfungulia akaunti yake mwenyewe. "Nywila andika wewe. Usimwambie mtu, hata mimi. Sasa wanataka namba ya mtu wa kukurudishia akaunti ukipotea. Niweke ya dada yako?"

"Weka yako."

"Yangu haiwekwi hivihivi, Bwana Josho. Kwanza lete wazee nyumbani."

"Jumamosi wanakuja."

Specioza alimtazama kwa dharau ileile ya siku ya kwanza, akaandika namba yake.