Kitani cha Ndege Aliyepinda

Ndege mmoja alikuwa amepinda. Druitgin alimwona alipokuwa akikitandika kitani kipya chenye nakshi ya ndege kitandani kwa bintiye: wenzake wote wamenyooka, huyu wa katikati kavimba kifua kama kalalia kitu.

"Hilger, kibao chako kimekosea."

"Kibao hakikosei. Macho yako ndiyo yamechoka, mke wangu."

Hilger alichapa kitani kwa vibao vya mti na wino wa masizi, kikafanana na mahameli ghali ya Lucca, Italia, ukikitazama kwa mbali, na ikiwezekana ukiwa umelewa. Nusu ya wake wa mji wa Köln walijifunika uongo wake, wakaringa.

Bintiye, Elsgin, alikuwa aolewe Jumapili. Alijifunika kitani kile, na asubuhi hakuweza kuinuka. Chumba kilinuka nta na uvumba, ilhali hakuna aliyewasha kitu.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu kanilalia. Ana pua ya baridi."

Druitgin akamtazama yule ndege. Alikuwa akipanda na kushuka, taratibu, si kwa pumzi za Elsgin zilizokuwa fupi na za kuhangaika, bali kwa pumzi ndefu za mtu mwingine, na Druitgin alipokishika kitani akivute alikikuta kizito kama kilichotolewa mtoni, na kutoka ndani yake ikasikika sauti ya mdomo unaonyonya nguo ukitafuta hewa.

Akamkimbilia Bela, mtawa aombeaye wagonjwa na kuosha maiti. Bela alitazama mara moja tu uvimbe wa yule ndege, uliochora pua ya mtu.

"Pua hii naijua. Nilimwosha mwenyewe. Marehemu mke wa Konrad, muuza mvinyo." Akamgeukia Hilger. "Umefanya nini?"

Hilger akaungama. Mahameli inayofunika jeneza la tajiri huwa mali ya kanisa. Misa ikiisha hukatwa joho la padri. Yeye alijitolea kukesha na marehemu, kumbe ana karatasi na mkaa.

"Jeneza lilikuwa wazi, mahameli imemfunika mpaka usoni. Nikaweka karatasi juu, nikasugua kwa mkaa nipate nakshi ya kuchonga kibaoni. Ningeipata wapi tena?"

"Ukamsugua maiti usoni."

"Juu ya mahameli, Sista!"

"Lo! Adabu iliyoje. Kichome hicho kibao. Upesi, huyu mtoto anakufa!"

Hilger alikikumbatia kibao, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuchonga. Kisha akasikia koo la Elsgin likikoroma, akakitupa motoni. Moshi ulinuka nywele. Bela akasali kwa sauti. Kitandani kitani kikalala tambarare, ndege wote wamenyooka, na rangi ikaanza kurudi mashavuni mwa Elsgin.

"Ametoka!" Druitgin akalia, akimkumbatia binti yake. "Ametoka, Mungu wangu!"

Elsgin akaketi. Akajipapasa pua kwa vidole viwili, polepole, kama anayejaribu kiatu kipya, kisha akamtazama baba yake.

"Fundi," alisema kwa upole, "mara ile ulinibonyeza sana."