Anayegonga Begani

Ilikuwa Jumapili ya kawaida kabisa, nafua, mwanangu Kidoti nimemweka kwenye beseni tupu anagonga na kijiko, jua limetulia, wala sikuwa na wazo baya na mtu yeyote. Nikawa naelekea kwenye kamba kuanika jaketi la mume wangu, nikapita karibu na pikipiki yake iliyoegemezwa ukutani. Ndipo nikaona. Vikanyagio vya nyuma viko chini.

Kwa asiyejua pikipiki, hivyo ni vyuma viwili vya abiria kuwekea miguu. Ukiwa peke yako unavikunja juu, ukipakia mtu unavishusha. Na mume wangu hapakii mtu. Zamani alibeba abiria miaka mingi mpaka akachoka, sasa ni fundi, ana kibanda chake njia panda, na pikipiki hii aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza kwa ajili ya kazi moja tu, kukimbia. Hashindani na mtu, anashindana na nafsi yake. Kila Jumapili anakwenda kwenye barabara mpya, ile iliyomwagwa lami lakini haijafunguliwa, imenyooka kama rula, anajilaza juu ya tangi na kuvuta mafuta mpaka mwisho. Mshale wa mita ukifika mahali haujawahi kufika, anakuja mbio kuniomba rangi yangu ya kucha, anaweka nukta nyekundu juu ya kioo cha mita. Ndiyo rekodi yake hiyo. Nukta ya mwisho ilikuwa kwenye mia na arobaini, ikaganda hapo, na mume wangu akawa hali akashiba, halali akapata usingizi.

Kwa ajili ya kupunguza uzito alikuwa ameng'oa vioo vya pembeni, madigadi, taa, hata stendi, vikanyagio tu vilibaki kwa kuwa vimechomelewa kwenye fremu. Ndiyo maana inaegemezwa ukutani kama mlevi. Sasa niambieni, mtu anayeng'oa stendi kwa kuogopa uzito, abiria anampakia wa nini?

Nikalitazama lile jaketi mkononi mwangu. Nimetoka kulifua muda huo huo, nimelisugua kwa nguvu zangu zote, na bado kwenye bega la kulia palikuwa na alama mbili za vumbi jekundu. Za vidole.

Mwanamke, nikasema moyoni. Huyu ana mwanamke.

Sikulia. Nilisubiri ale ashibe kwanza, maana mwanaume mwenye njaa huchukua njaa akaifanya hasira.

"Baba Kidoti, leo ulimpakia nani?"

"Nimpakie nani kwenye lile dude? Hata wewe sijakupakia tangu niliunde."

"Vikanyagio vimejishusha vyenyewe?"

Akacheka. "Springi zimelegea, mama."

"Zote mbili? Siku moja?"

Akainamia sahani. Ilikuwa haina kitu.

Basi Jumapili iliyofuata nikatega mtego wangu. Kabla hajatoka nikakata vipande viwili vya tyubu chakavu, nikavikunja vile vikanyagio juu na kuvifunga kwenye fremu, kifundo juu ya kifundo, ncha nikaichomeka ndani, vile tunavyofunga mimi na mama yangu tu. Akiwa na mtu wake, itabidi akate. Nikaingia ndani nikakaa na moto wangu kifuani.

Aliporudi nikatoka mbio kuangalia. Mipira ilikuwepo. Vifundo vyangu vilikuwepo, havijaguswa, ncha zimechomeka vile vile ndani. Na vikanyagio viko chini.

Mwanamke ningemtukana. Hiki sasa ningekitukana vipi?

Nikambeba Kidoti mgongoni mpaka kibandani kwa Spana, fundi mwenzake, maana huyo siri haimkai mdomoni. Alikuwa peke yake, anaosha kabureta kwa petroli. Nikamwambia shemeji, sema. Akaangalia mlangoni kwanza.

"Mimi sisemi kitu, shemeji. Mimi nimesikia tu."

"Basi sema ulichosikia."

"Kile kiti na fremu ya nyuma alivitoa kwa muuza vyuma chakavu. Ni vya pikipiki iliyoingia chini ya lori. Dereva alikutwa pale pale, amekufa. Abiria hakukutwa."

"Labda hakukuwa na abiria."

"Walioiona ikipita waliona watu wawili. Na kiliokotwa kiatu. Kimoja."

"Cha kike?" nikauliza, na nisamehewe, wivu haujui mahali.

"Cha kiume, shemeji! Wewe nawe!" Halafu akapunguza sauti. "Mumeo anajua yote hayo. Anasema chuma ni chuma tu. Ila nikuulize, unajua kwa nini haipiti mia na arobaini? Injini ile nimeifungua mimi, ni nzima. Mwenyewe ananiambia kila mshale ukikaribia nukta, anagongwa begani. Mara mbili. Kama abiria anayetaka kushuka. Na wewe mtu aliyebeba abiria miaka yote hiyo, ukigongwa begani mkono unaachia mafuta wenyewe, hausubiri akili."

Nilirudi nyumbani. Nikamkuta ananoa bisibisi uani, nikamwambia najua. Hakubisha kwamba anagongwa, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Ni upepo, mke wangu. Upepo unapiga jaketi."

"Upepo una vidole?"

Akalitazama jaketi kwenye kamba, akarudi kwenye bisibisi yake.

"Usiende tena," nikamwambia. "Watakuja kuniletea kiatu chako, mwenzio."

"Mara moja tu. Nikiachia hapa nitakuwa nimeshindwa na kitu nisichokiona. Nikiipita nukta, nauza kila kitu, nakuapia kwa huyu mtoto."

Nikasema basi nakuja, na mtoto nakuja naye, ukivuta mafuta utuone sisi wawili.

Jumapili iliyofuata mchana barabara mpya ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna kivuli, hakuna mtu. Spana alikwenda kule mwisho na simu yake kuchukua video. Mimi nikasimama pembeni, Kidoti amelala mgongoni, mbeleko nimeikaza mpaka juu kwa sababu ya upepo, mikono yake yote iko ndani. Mume wangu akakunja vikanyagio juu mbele ya macho yangu. Akaenda kidogo kupasha injini joto, akageuza, akawa anarudi polepole kuja tulipo.

Alipofika usawa wangu akasimama. Hakuna aliyemwambia simama.

Alikuwa anatazama mbele. Hakugeuka. Nikashusha macho. Vikanyagio viko chini.

Halafu nyuma ya pikipiki ikapanda juu. Kidogo tu. Kama inavyopanda mtu akishuka.

"Kagonga," mume wangu akasema kwa sauti ndogo. "Nimesimama. Abiria akigonga unamshusha, si ndiyo? Mbona sikuwaza mapema!"

Alikuwa anatabasamu, jamani. Akainama, akavikunja vikanyagio, vikakaa. Akageuza tena, akajilaza juu ya tangi. Akaondoka.

Sijawahi kusikia mlio ule. Alikwenda mpaka akawa nukta, nukta ikapotea, na kwa mbali nikamsikia Spana anapiga vigelegele kama mwanamke aliyejifungua salama. Mshale ulifika mia na hamsini na nne. Aliporudi alikuwa analia na kucheka.

"Nyepesi kama unyoya, Mama Kidoti! Kama nimetua mzigo!"

Vikanyagio viko juu. Nikacheka na mimi. Kweli nilicheka, mume wangu yuko hai, mzima, nilitaka nini tena? Akasema panda leo nikupakie, rekodi imeshapatikana, nikakataa katakata, nikamwambia natembea.

Nilipopiga hatua ya kwanza mbeleko ikanikata bega.

Nikasema mtoto akilala huwa mzito. Wote tunajua hivyo. Nikatembea. Jasho likaanza kunitoka, mgongo unapinda, nikawa nahema kama mjamzito wa miezi tisa. Mume wangu na Spana, kila mmoja na pikipiki yake, walishanipita zamani, wanapiga honi na kelele. Niko peke yangu na mwanangu.

Nilipoingia mtaa wetu, nikagongwa begani.

Mara mbili.

Nikapeleka mkono nyuma, nikapapasa. Kidoti amelala. Mikono yake iko ndani ya mbeleko, yote miwili, imekunjwa kifuani.

Mlango wangu nauona. Nguo zangu nazijua kwenye kamba. Nikagongwa tena, kwa nguvu. Na mimi akili ikanijia moja tu: nisisimame. Nikisimama hapa, anashuka hapa. Nikapita mlango wangu mwenyewe.

"We Mama Kidoti!" jirani yangu akaita, anapepeta mchele barazani. "Nyumba yako hiyo umeipita! Umelewa mchana?"

Sikugeuka. Nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikazunguka, nikaanza tena mtaa wa pili, bega linagongwa, linagongwa, halichoki. Ningetembea mpaka kesho. Lakini Kidoti akaamka. Akalia. Kilio cha njaa, na maziwa yakanitoka yenyewe kwenye gauni, na mtoto akililia ziwa mama huna pa kwenda.

Nikarudi. Nikasimama mlangoni kwangu.

Mgongo ukawa mwepesi.

Mume wangu alikuwa ndani ananiulizia rangi ya kucha. Nukta aliiweka jioni ile ile, na pikipiki hajaiuza, anasema sasa haina tatizo lolote, vikanyagio havishuki tena. Ni kweli. Havishuki. Na mimi nikiwa jikoni mlango wa chumba ukifunguka nauliza nani, na yeye ananijibu toka uani.

Gauni la siku ile nilikuwa sijalitazama mpaka nilipolivua. Lina vumbi jekundu kiunoni, pande zote mbili, chini kidogo ya pale miguu ya Kidoti inapofika. Nimelifua, nimelichemsha, halitoki. Upande wa kulia ni soli ya kiatu kikubwa, mistari yake unaihesabu. Upande wa kushoto ni vidole vitano vya mguu mtupu.