Miguu Mitupu ya Fundi Paka

Jumanne, saa tisa alasiri, mwenye nyumba alikuja kutazama paa lake jipya akamkuta fundi amelala chali chini ya ukuta, amekata roho. Miguu ilikuwa mitupu. Viatu vilikuwa chini ya ngazi, vimepangwa sambamba, soksi ndani. Juu, mabati matatu tu ndiyo yaliyopigiliwa. Wenzake walimwita Paka, kwa jinsi alivyotembea juu ya mabati.

Kesho yake mkaguzi wa ofisi ya leseni, mama wa makamo asiye na papara, aliketi mbele ya mkandarasi. Ukutani leseni ilining'inia kwenye fremu, na chini yake masharti mawili: bima ya wafanyakazi, na dhamana ya fedha iliyowekwa ofisi ya leseni.

"Asubuhi hatukufanya kazi," mkandarasi alisema. "Paka alipanda saa nane mchana. Mlinzi alitakiwa kushika ngazi, akasinzia. Yuko polisi sasa."

"Bima ipo?"

"Hiyo hapo, dada. Soma mwenyewe."

Alisoma. Bima ya zamani iliisha Ijumaa. Mpya ilianza Jumanne, saa sita mchana.

"Umeikata siku hiyohiyo?"

"Bahati tu."

Kituoni, mlinzi alikuja juu. "Kusinzia? Kiti chenyewe kina miguu mitatu! Bosi alinipigia simu nije saa saba, nikae nje ya geti, nisitie mguu ndani. Sikuona mtu akipita hadi mwenye nyumba alipofika."

Daktari naye hakuweza kuapa. "Mwili ulikaa juani, saa ya kifo imenivurugikia. Ila nyayo ni safi, hazina hata lengelenge."

Jioni mkaguzi alifika kwa mjane wa Paka.

"Dada, nasikia unauliza saa aliyoanguka," mjane alisema taratibu. "Ikiwa ni asubuhi, bima hailipi. Nina watoto wanne. Acha iwe saa nane."

"Na mlinzi aoze ndani?"

Mjane alimfunika mtoto aliyelala mkekani.

"Niambie kitu kimoja, mdogo wangu. Mumeo alivua viatu kila alipopanda?"

"Asubuhi tu. Bati likiwa na umande, alisema viatu vinamdanganya. Jua likipanda, anavaa."

"Basi nivumilie hadi kesho mchana."

Alhamisi, saa nane kamili, walikusanyika kwenye nyumba ile: mkandarasi, mjane, askari, na mlinzi mwenye pingu. Mkaguzi alikuwa amelaza bati juu ya mbao mbili tangu asubuhi, jua likilipiga.

"Bosi, vua viatu. Simama hapo nihesabu hadi kumi."

"Mchezo gani huu?"

"Saa kama hii, unasema, Paka alipigilia mabati matatu miguu mitupu."

Mkandarasi huyu alilijua paa kwa kulitazama kutoka chini. Alivua, akapanda. Mkaguzi alipofika mbili, tayari alikuwa mchangani, akirukaruka.

"Bosi!" mlinzi aliangua kicheko. "Ngoma haijalia, umeshacheza!"

Mkaguzi hakucheka. "Alianguka asubuhi, umande ungali juu ya bati. Mlinzi ulimwita saa saba, bima ikiwa imeshaanza. Ulimwona."

Mkandarasi aliketi chini. "Alikuwa ameshakufa! Bima ilishaisha, nikasema nitakata wiki hii. Leseni ingeniponyoka."

"Ukamwacha juani, ukaenda kupanga foleni ya bima. Kisha ukamtafuta wa kumsingizia."

Askari alifungua pingu za mlinzi, akamvisha bosi wake.

Mjane alijifuta macho. "Basi sisi ndio tuliokosa fedha."

"Hamjakosa. Ile dhamana aliyoweka ili apewe leseni iko kwetu. Mkandarasi asipokuwa na bima, hiyo ndiyo inayolipa familia. Hata angesema kweli siku ile ile, mngelipwa."

Kisha askari akamkabidhi mjane viatu vya mumewe, soksi zikiwa bado ndani.

"Aliviweka tayari," alisema, akivikumbatia. "Avivae jua likipanda."