Nywele za Mke wa Mkasi

"Nipe unywele mmoja tu, nikwambie mwenyewe jana amekula nini!"

Ndivyo alivyojigamba Mkasi, kinyozi wa mtaa. Wateja walimwacha aseme. Aliyekuwekea wembe shingoni humbishii.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mitatu alikuwa akiugua MS. Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Siku nyingine miguu yake ilikufa ganzi, akatembea kwa fimbo. Siku nyingine uchovu ulimlaza kabla hajatunga uzi kwenye sindano. Daktari alimpa dawa ya kuuzuia ugonjwa usimzidi. Kuuponya kabisa, alisema, bado haiwezekani.

Mkasi neno hilo halikumshuka. Alimpenda mkewe kupita kiasi. Aliposikia kuna watu wanaopima madini ya mwili kwa nywele, alifurahi kama aliyeitwa kazini. Akamkata mkewe kishungi cha kisogoni, akakituma.

Majibu yalikuja kurasa sita. Madini haya yamepungua, yale yamezidi. Asile mayai, maharage, samaki wala mboga za majani. Ameze vidonge vya makopo matatu.

"Basi nile nini, baba watoto? Hewa?"

"Hewa hawajaikataza, mke wangu."

Wiki tano mwanamke alikula uji na wali mtupu. Magauni aliyojishonea mwenyewe yakaanza kumpwaya. Akawa anasinzia juu ya cherehani.

"Labda dawa ya hospitali inapigana na vidonge," Mkasi alisema. "Tuiache kidogo."

"Siiachi mpaka nimuulize aliyenipa. Twende."

Kliniki walipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, mama mcheshi mwenye miwani. Alimpima uzito mgonjwa, akasoma kurasa zote sita, kisha akamtazama kichwani.

"Nywele zina rangi nzuri hizi. Nani anakupaka?"

"Huyu hapa. Kila mwezi."

Mkasi akakohoa.

"Shemeji, rangi, sabuni, vumbi, hata maji ya kuogea hubadilisha madini ya kwenye nywele. Kichwa kimoja ukikipeleka maabara mbili, unaweza kuletewa majibu mawili tofauti. Kipimo hiki hakiwezi kutuambia mgonjwa wa MS ale nini."

"Sasa kilichopimwa ni nini?"

"Huenda ni rangi yako, shemeji."

Mke alicheka mpaka akashika meza. Mtaalamu akageuza kopo, akaacha kucheka.

"Zinki yote hii! Ikizidi kwa muda mrefu hupunguza shaba mwilini, na mishipa ya fahamu huumia. Ndiyo ile ile tunayoilinda! Viacheni vidonge hivi. Daktari nitamwambia leo. Akitaka kujua kama mgonjwa amepungukiwa na vitamini D au madini ya chuma, atampima damu. Dawa yake ya hospitali aendelee nayo."

"Kumbe nilikuwa namuumiza?" Mkasi aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Ulikuwa unampenda kwa makopo. Sasa mpende kwa sufuria. Hakuna chakula kinachoponya MS, asikudanganye mtu. Lakini mwili ulioshiba vizuri una nguvu za kuhimili. Mpe mayai, maharage, samaki, matunda, mboga za rangi mbalimbali na nafaka isiyokobolewa. Maji pia, maana choo kigumu huwasumbua wengi wenye ugonjwa huu. Chumvi na sukari punguzeni. Na siku akichoka, apike mwingine."

Mke akamgeukia mumewe polepole.

"Umesikia, mwingine?"

Mkasi akajifunza. Maharage ya kwanza yaliungua, ya pili yakaliwa kwa huruma, ya tatu yakaombwa tena. Miezi mitatu baadaye magauni yalimkaa mkewe sawasawa. Ugonjwa ulikuwepo bado, na fimbo pia. Lakini asubuhi nyingi cherehani ililia mpaka adhuhuri.

Siku moja mteja alimuuliza Mkasi, "Eti kuna watu wanapima nywele ili wajue mgonjwa ale nini. Ni kweli?"

"Upuuzi!" Mkasi alisema, akipuliza nywele kwenye mashine. "Mimi nilimwambia mke wangu siku ile ile ya kwanza: achana na nywele, twende kwa mtaalamu wa lishe."

"Siku ya kwanza ipi hiyo, baba watoto?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo yake, anatabasamu.

Mkasi akakiinamisha haraka kichwa cha mteja. "Tulia, nisije nikakukata."

"Mimi nimetulia," mteja alisema. "Aliyeshtuka ni wewe."