Wimbo wa Kumnywesha Ngamia wa Gelle

Jioni ile Mahat alishuka mtoni kumrudisha ngamia jike wa marehemu kaka yake, Gelle. Alikuwa na haraka. Redio ilikuwa imetangaza kwamba bwawa la umeme huko juu limejaa pomoni na milango inafunguliwa, na Tana ikifunguliwa haijui mtu. Ndivyo ilivyomchukua Gelle mwaka wa mafuriko makubwa. Mwili haujaonekana hadi leo.

Nyuma yake alikuja Bishara, mjane wa Gelle, na jerikeni yake. Eda ilikuwa imekwisha, wazee walikuwa wamekaa, na kesho baada ya sala ya Ijumaa Mahat angemrithi kwa nikaha, kama ilivyo desturi yao. Mahat alimpenda. Tena alimpenda tangu Gelle akiwa hai, na hilo hakumwambia mtu.

Ngamia alisimama ukingoni, kichwa juu, hataki kunywa wala kuondoka.

"Mwimbie, shemeji," alisema Bishara.

Wafugaji humwimbia ngamia wakimnywesha, na wimbo wa nyumba ile ulikuwa wa watu wawili: mmoja huuliza, mwingine hujibu. Miaka yote kisimani Mahat aliuliza, Gelle akajibu. Ulimi una mazoea yake. Mahat akaimba bila kufikiri:

"Huyu ni wa nani?"

Vyura wakanyamaza. Ikaja harufu ya tope, tope la chini kabisa lisilowahi kuona jua. Kisha, kutoka katikati ya maji...

"Wangu."

Ngamia akainamisha shingo, akaanza kunywa.

"Astaghfirullah... ni mtu wa ng'ambo," Mahat alinong'ona. Lakini watu wa ng'ambo walikuwa wamehama tangu asubuhi.

Jerikeni ikaanguka. Bishara alikuwa majini tayari.

"Muulize na mimi," alisema bila kugeuka. "Muulize mimi ni wa nani."

"Bishara, toka!"

"Uliza, Mahat. Wallahi, uliza!"

Maji yalikuwa yametulia, yanasubiri... Mahat akafungua kinywa.

Jibu alilijua.

Akakifunga. Akamkamata mkono, akamburura hadi juu, Bishara akimpiga ngumi za kifua na kulia. Nyuma yao mto ukavuma, povu likameza pale walipokuwa wamesimama. Ngamia hakuonekana tena.

Mjini walisema Mahat amemwokoa. Mahat aliposimulia ile sauti, sheikh alieleza kuwa majini hupenda kuiga sauti za wapendwa wetu. Watu wakaitikia, wakarudi kwenye chai yao ya maziwa.

Siku ya nikaha, sheikh huyo huyo alimuuliza Bishara kama ameridhia. Msichana anaweza kunyamaza, lakini mjane lazima aseme. Mtandio wa Bishara ulikuwa mkavu alipoingia. Sasa ulichuruzika maji ya tope, matone yakiloweza mkeka.

Akamtazama Mahat.

"Mwambieni aulize sasa," alisema.