Moto Katikati ya Mto

Kijiji kizima cha Waithaka hakukuwa na mtu wa kumshinda Cucu Mukonyo, bibi mzee wa pale, kwa kuzijua kuni; alizitambua hata akiwa amefumba macho. Na labda siku ile alikuwa ameyafumba kweli, kwa sababu gogo alilolichagua liwe daraja lilikuwa limeoza ndani, likakatika yeye na jirani yake, Peres, wakiwa katikati ya mto.

Maji ya mvua yakalizoa pamoja na mizigo yao ya kuni. Peres alizama, akaibuka, akapasua goti kwenye jiwe. Mukonyo alimvuta kwa leso hadi kipande cha ardhi kilichobaki katikati, mto ukinguruma pande zote. Mvua ilikatika, upepo ukaanza. Midomo ya Peres ikawa rangi ya jivu.

"Cucu, miguu siisikii."

"Na mdomo? Basi ongea. Ukinyamaza nakuzaba kofi."

Kiberiti kilikuwa kikavu ndani ya kilemba, njiti chache tu. Mukonyo akakimbia huku na huku akipapasa miti. Mkaratusi ulioanguka ulichuruzika maji alipoubonyeza. Akavunja tawi la mukinduri. Likashika, lakini moshi ukawachoma macho, kisha likazima.

"Cucu, unanipasha moto ama unanikausha kama samaki?"

"Kasirika, mami. Hasira ina joto."

Ndipo akauona mti wa muthanduku uliofia wima, ganda jeusi lenye nyufa, utomvu umegandia juu yake. Akaambua ganda. Ndani palikuwa pekundu, pakavu. Tawi likakatika *ta!* Njiti ya mwisho ikatetemeka, ikashika. Moto ukasimama bila moshi, makaa yakaiva, na Peres akaanza kutetemeka, halafu kulia, halafu kutukana mto. Mukonyo hakukaa, alivunja, akachochea, akavunja.

Jioni Zedekiah, mume wa Peres, alivuka kwa kamba na wanaume wawili. Akamfunika mkewe koti lake.

"Nimewatafuta tangu asubuhi! Msitu wote!"

Mukonyo aliinama kufunga vifungo. Akanusa koti. Akanusa tena.

"Baba Max," akamwambia Zedekiah, "hili koti lina moshi wa mti wa mutamaiyu."

"Si ni huo moto wenu?"

"Wetu ni muthanduku. Mutamaiyu unanukia utamu, na huku haumei hata mmoja. Mimi najua unakochomwa: kule kwa bucha ya Gichuru, chini ya mbuzi wa kuchoma."

"Cucu, naapa sijaonja nyama leo," akasema Zedekiah, akijipangusa kidevu kabla hajaambiwa kina mafuta.