Barafu kwenye Lango la Mtoni

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya pili ya Januari, Fiachra Devaney alivunjika mguu kwenye lango la upande wa mto, uwanja wa Kilnamorra, magharibi mwa Ayalandi. Hapakuwa na mpinzani karibu naye. Kipa huyo wa timu ya kaunti alikuwa ametoka peke yake kupasha misuli. Aliupiga mpira juu, akaruka kuudaka, na aliposhuka akakuta chini ni kioo: barafu tupu, ngumu kama sahani, kutoka mlingoti hadi mlingoti.

Sajini Bríd Gilhooly alifika saa tatu na nusu, gari la wagonjwa likiwa linatoka. Mechi ya Kombe la Januari, mashindano ya kunyoosha miguu kabla ya ligi, ilikuwa ianze saa nane dhidi ya majirani wa ng'ambo ya mto. Mwamuzi angekuja kukagua uwanja saa nne na nusu.

"Usiniambie ni baridi tu," alimwambia mtunza uwanja.

"Baridi haimwagi maji, Sajini," alijibu Malachy Tuohy, mzee wa miaka sitini na minane. "Jana saa kumi jioni nilitandaza maturubai kwenye malango yote mawili, nikayakandamiza kwa matairi. Leo nimefika saa moja na nusu, nikaingia moja kwa moja jikoni kuchemsha maji ya chai. Sikutazama huku. Kuna mtu alikuja jana jioni akalifunua hili, akamwaga maji, usiku ukamalizia kazi."

"Umejuaje ni jioni?"

"Geti nililifunga saa mbili usiku. Kufuli halijaguswa, na ufunguo ni mmoja, ninao mimi. Kabla ya hapo lilikuwa wazi, wachezaji wanaingia na kutoka."

Bríd alilizunguka lango taratibu. Umande ulioganda ulikuwa umepaka kila kitu weupe: uzio, viti, hata matairi. Turubai lilikuwa limekunjwa kwa uangalifu, likawekwa kando. Juu lilikuwa jeusi. Aliinua pindo moja akachungulia. Ndani ya mkunjo kulikuwa na weupe mtupu. Akapiga picha, akalirudisha pindo kama lilivyokuwa.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Tadhg Melody, kipa wa akiba, kijana wa miaka ishirini na miwili.

"Jana saa kumi na mbili jioni ulionekana hapa na ndoo."

"Nilikuwa naosha viatu. Kila mtu anaosha viatu."

"Fiachra akiumia, nani anadaka?"

"Mimi." Hakukwepesha macho. "Miaka mitatu nakaa benchi, Sajini. Nimemwombea mafua, sikatai. Mguu, hapana."

"Na leo saa kumi na mbili asubuhi?"

"Nilikuwa nakamua ng'ombe na baba. Lori la maziwa lilitukuta zizini. Lakini si mnasema ilikuwa jana?"

"Wanaosema ni wengine. Mimi bado nauliza."

Saa nne basi la wageni liliingia, na watu waliokuwa getini wakaanza kunong'ona. Aliyeteremka wa tatu alikuwa Donnacha Tuohy, mwana wa pekee wa Malachy. Mwaka uliopita alihamia ng'ambo ya mto kwa kazi, akajiandikisha kuwachezea wa huko. Leo ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kuvaa jezi yao kwenye uwanja wa baba yake. Na jana saa kumi na moja jioni alionekana akitoka hapo peke yake.

"Watu wanakutaja wewe," Bríd alimwambia walipokaa kwenye gari lake.

"Waache. Tangu nihame jina langu ni Yuda. Mwenye duka la magazeti hanijibu hata salamu."

"Jana ulikuja kufanya nini?"

"Kumsalimia baba."

"Mkaongea nini?"

Donnacha alilitazama lango la mtoni. "Nani ameshasema ilifanyika jana jioni?"

"Baba yako."

"Basi andika ni mimi, Sajini. Tumalize."

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hotelini na timu. Lakini jana jioni nilikuwa hapa, na sina shahidi. Andika."

Bríd hakuandika kitu.

Mwamuzi aliahirisha mechi. Saa tano Bríd aliwakusanya Malachy, Tadhg na Donnacha jikoni mwa uwanja, na mzee akawamiminia chai kama alivyozoea.

"Mzee, umande ulianza kuganda saa ngapi jana?"

"Saa tatu usiku hivi."

"Turubai lingekunjwa kabla ya hapo, weupe ungekaa juu ya mkunjo, kama ulivyokaa kwenye viti. Mimi nimeukuta ndani. Lilikaa limetandazwa usiku kucha, likakunjwa leo alfajiri. Na alfajiri geti lilikuwa na kufuli, na ufunguo unao wewe tu."

Malachy aliliweka buli mezani.

"Nilikuja saa kumi na mbili," alisema. "Nilitaka mwamuzi aione barafu, aahirishe. Fiachra huwa hatoki kabla ya saa nne. Huwa hatoki."

"Kwa nini, Mzee?"

Alimgeukia mwanawe. "Miaka thelathini nazitunza nyasi hizi. Halafu nikae nikutazame unazikanyaga na jezi ya wale. Wewe ndiye ulianza kunisaliti."

"Mimi nilihama kazi, baba. Jana nilikuja kukuomba unipe mkono mbele ya watu, ukaniambia kesho hakuna mechi. Nikadhani unatania." Donnacha alizungumza polepole, kana kwamba anajifafanulia mwenyewe. "Asubuhi ukamwambia Sajini ni jana jioni. Ulijua fika nani alikuwa hapa jana jioni."

"Sikukufikiria wewe, mwanangu. Haki ya Mungu sikukufikiria. Nilidhani watamtaja Tadhg."

Tadhg alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini bila kunywa, akachukua koti lake, akatoka. Donnacha akamfuata. Mzee alibaki na Sajini, akauliza kama aliache jiko likiwaka.

Saa tisa alasiri Bríd alikuwa hospitalini. Fiachra alikuwa amelala na mguu umeinuliwa, uso umempauka. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba kwa umri wake, miaka thelathini na minne, hatadaka tena.

"Umempata?" aliuliza.

Bríd alimtajia jina.

Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya maji, akatoka.

"Nilikuwa na miaka minane," Fiachra alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kuanguka. Lango lile lile." Akageuzia uso ukutani. "Mwambie asije kunitazama."